Barua ya wazi kwa viongozi wa vikundi vya kufa na kuzikana, Mbeya na Iringa

Ndaga kwenu wa Mbeya. Wa Iringa, kamwene.

Wanangu, nasikia mnataka kuwafundisha wanachama kujiandaa na kifo. Vema. Lakini mkimwita mtaalamu ahutubie ukumbini asubuhi nzima, watu wapige makofi na kunywa soda, hapo mmefanya mkutano tu. Mwanasaikolojia Joseph Durlak na mwenzake walizichambua tafiti za elimu hii mwaka 1991. Mihadhara mitupu iliiongeza hofu kidogo. Mafunzo ya watu kusema yaliyo moyoni na kufanya mazoezi ndiyo yaliyoipunguza, tena kidogo vilevile. Sishangai. Mtu ameamshiwa hofu, hakupewa la kufanya nayo.

Basi kaeni watu 8 hadi 12, vikao vinne, kimoja kwa wiki, mavuno yakishaingia ndani. Aliyefiwa majuzi asubiri mzunguko ujao. Mzee akisema mnaleta uchuro, msibishane naye. Anzeni na mashamba na madeni, kifo atakitaja mwenyewe.

Kikao cha kwanza, kila mmoja aseme nani amuuguze na azikwe wapi. Cha pili, orodha: mashamba na hati zake, akaunti, pesa za kwenye simu (namba ya siri isiandikwe), anaowadai na wanaomdai.

Cha tatu ni wosia, na hapa msiwe na haraka. Kwa sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua anahitaji wanne, wawili kwa wawili. Wosia nyingi huangukia papo hapo: baba amewaita wanawe washuhudie, kumbe ndio warithi. Nyingine hazina tarehe, au zimefungiwa sandukuni na hakuna anayejua kama zipo, ilhali RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hutunza wosia. Waislamu wamwone sheikh kwanza, maana kwao wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi hausiwi.

Kikao cha nne waje na wenza wao na watoto wakubwa. Mengi yaliyosemwa vizuri kikundini hufia mlangoni kwa sababu mke hakuwahi kuyasikia.

Kuhusu kupima hofu ya kifo, yapo maswali 15 ya kujibiwa kweli au si kweli aliyotunga mwanasaikolojia Donald Templer mwaka 1970. Yaulizeni kabla ya kuanza, kisha miezi mitatu baadaye. Siku ya kufunga kila mtu ni jasiri. Mimi lakini ningeamini zaidi hesabu ya nyumbani: wangapi wana wosia wenye mashahidi halali, wenza wangapi wanajua hati ya shamba iko wapi. Na wale wanaosubiri mzunguko wa pili waulizwe siku hizohizo, kabla hawajafundishwa. Wakionekana wamebadilika sawa na waliohudhuria, mabadiliko hayo hayakutokana na vikao vyenu, na itabidi mvipange upya.