Risala ya Klabu ya Akili Mnemba ya Wanafunzi wa Radiolojia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa wetu,
Mkuu wa Chuo,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu huku tukijua jinsi ulivyo na majukumu mengi. Mwaka huu klabu yetu imekuwa ikisoma tafiti za akili mnemba katika kugundua na kupima vinundu vya mapafu kwenye picha za CT scan.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kinundu ni doa la mviringo kwenye pafu lisilozidi milimita 30. CT scan moja ya kifua hutoa mamia ya picha, kila moja ikionesha kipande chembamba cha mwili, na mshipa wa damu ukipitiwa na picha kwa upana huonekana duara kama kinundu chenyewe. Msomaji hupanda na kushuka, picha baada ya picha, mpaka auone ukirefuka ndipo auache. Hata mabingwa hupishana. Katika hazina ya picha ya Marekani iitwayo LIDC-IDRI, yenye CT scan 1,018, kila moja ilisomwa na madaktari 4. Vinundu vya milimita 3 na zaidi vilivyowekewa alama na angalau daktari mmoja vilikuwa 2,669. Walivyokubaliana wote 4 ni 928 tu. Na hapo ndipo programu nyingi zilipojifunzia!

Zamani programu ilionesha tu doa lilipo. Siku hizi watafiti wanataka ipime ujazo wa kinundu, ilinganishe picha ya leo na ya mwaka jana, na ikadirie hatari. Mwaka 2019 watafiti wa Google walishindanisha programu yao na madaktari 6. Pasipokuwa na picha ya zamani, programu iliwazidi, ilipokuwepo, wakalingana. Sisi tunaona hilo linasema mengi kuhusu thamani ya kutunza picha za wagonjwa. Mwaka 2023 ikaja programu ya Sybil, ya chuo cha MIT na hospitali ya Massachusetts General za Marekani, inayokadiria hatari ya saratani ya mapafu hadi miaka 6 mbele kwa CT scan moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, programu hizo mbili zilifunzwa kwa picha za utafiti mkubwa wa Marekani wa kuchunguza saratani ya mapafu, NLST, uliohusisha watu wa miaka 55 hadi 74 waliovuta sigara kwa wingi. Kwetu, mgonjwa mwenye kinundu anaweza kuwa kijana asiyewahi kushika sigara, na doa lile likawa kovu la kifua kikuu. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Programu isiyoyajua makovu hayo inaweza kumtia mtu hofu ya saratani, achomwe sindano ya kuchukua kinyama bila sababu. Au daktari azoee kelele zake za bure, aipuuze siku saratani ipo kweli. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kusoma eksirei za kifua kikuu kwa wenye miaka 15 na zaidi, nasi tumefurahi, lakini hiyo ni kazi nyingine, si ya vinundu kwenye CT scan.

Risala nyingi huishia kwenye kuomba fedha. Yetu inaomba picha. Tunaomba ofisi yako itusaidie kupata kibali cha kutumia CT scan za kifua kutoka hospitali za mkoa kufundishia programu, zikiwa zimeondolewa majina na namba za wagonjwa, kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tunaomba pia madaktari bingwa wawili watakaoweka alama kila mmoja peke yake, bila kuchunguliana, na majibu ya maabara ya kinyama au makohozi yaambatane na kila picha pale yalipo. Bila majibu hayo tutakuwa tunaifundisha kompyuta kubahatisha.

Ukipata nafasi, pita mezani kwetu uhesabu vinundu kwenye picha tuliyoiandaa. Mkuu wa Chuo ameshajaribu. Idadi yake tunaitunza kwa heshima.

Tunaomba kuwasilisha.