Jumamosi: chokaa, si saruji

Assalaam alaykum ndugu zangu. Jumamosi saa 1 asubuhi tunaanza ukuta wa uani. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kishatoka.

Tafadhalini, asije mtu na saruji. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa; zinanyonya maji na kuyatoa. Saruji inayafungia ndani, chumvi inapanda, lipu inabanduka, na vichwa vya boriti vinaoza ndani ya ukuta bila mtu kuviona. Siku moja dari inashuka.

Ndoo 1 ya chokaa iliyoroweshwa, ndoo 3 za mchanga. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi. Banduweni saruji ya zamani kwa patasi, taratibu, rowesheni ukuta, kisha pakeni tabaka la milimita 10 tu, nene hupasuka. Magunia mabichi juu yake siku 3 angalau. Jua likiiwahi, lipu inakuwa unga ukiipitisha kidole. Glavu na miwani ni lazima, chokaa inaunguza macho.

Mlango usiguswe na msasa. Ni wa Kigujarati, wa vipande vidogo vya kukunja, na nakshi yake haina kina kirefu. Mji huu uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa alama za Mwafrika, Mwarabu, Mhindi na Mzungu kwa pamoja, kwa hiyo hatuchagui alama ipi ya kutunza na ipi ya kuacha.

Vijana wanaojifunza kwa fundi watalipwa. Ufundi huu ni ajira yetu wenyewe. Nani ana magunia?