Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Waulizeni na wasiokuja kliniki

Mheshimiwa Waziri,

Kila mradi wa afya unapofika ukingoni hutangazwa zabuni ya tathmini, na hadidu za rejea huwa zilezile: hojaji kwa mamia ya kaya, takwimu za vituo, kisha mwishoni kabisa mstari mmoja usemao mshauri "atafanya pia mahojiano machache na wadau". Barua hii inahusu mstari huo. Kazi yangu ni kuchambua mahojiano, na nimezoea kuyaona yakiishia kuwa nukuu mbili za kupendeza ndani ya kisanduku, kando ya grafu.

Takwimu sizipigi vita. Bila hizo hatuwezi kujua wangapi wamechanjwa na wangapi wameacha dawa. Tatizo linaanza pale tunapozitaka zitueleze kwa nini.

Chukua jaribio la VOICE, lililofanyika kati ya mwaka 2009 na 2012 katika nchi za Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, likihusisha wanawake 5,029. Swali lilikuwa kama vidonge vya kila siku, au jeli ya ukeni yenye dawa ya tenofovir, vingewakinga na VVU. Wanawake walipoulizwa kama wanatumia, majibu yao yalionyesha utumiaji wa karibu asilimia 90, na hesabu ya dawa zilizorudishwa haikupishana sana na hayo. Vipimo vya damu vilitoa hadithi nyingine: katika sampuli zilizopimwa, dawa ilionekana kwa chini ya theluthi moja ya wanawake. Jaribio zima likamalizika bila kuonyesha kinga. Mtu angeishia hapo angeandika kwamba dawa haifai, au kwamba wanawake ni waongo. Yote mawili yangekuwa makosa.

Watafiti waliwarudia baadhi yao kwa mahojiano ya kina. Safari hii walimwonyesha mshiriki majibu ya damu yake mwenyewe, na mazungumzo yakaanzia hapo. Yakatoka mambo ambayo hojaji haikuwa na kisanduku cha kuyawekea tiki. Wapo walioogopa madhara ya dawa. Wapo waliohofia kwamba akionekana na dawa za kufubaza virusi, mume, ndugu au jirani atamhesabu kuwa tayari anaishi na VVU. Wengine walivunjwa moyo na maneno ya wenzao au ya wapenzi wao. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibika kwa kuongeza ukubwa wa sampuli. Mtu anayeulizwa "Je, umetumia dawa zako?" na watu wa mradi uliompa dawa hizo analijua jibu linalotakiwa, na atalitoa kwa adabu zote.

Ebola ya Afrika Magharibi ilitufundisha hilo kwa gharama kubwa zaidi. Hadi mlipuko ulioshika kasi mwaka 2014 unakwisha, watu zaidi ya 11,000 walikuwa wamefariki. Amri za kuzika haraka, bila ndugu kuaga, ziliwafanya baadhi ya watu wafiche wagonjwa na maiti. Wanaanthropolojia walikaa na familia na viongozi wa dini, wakauliza ni sehemu gani ya mazishi isiyoweza kuachwa na ni ipi inayoweza kubadilishwa. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima.

Najua pingamizi la wataalamu wako: watu 30 hawaliwakilishi taifa. Ni kweli, na wala hawachaguliwi kwa ajili hiyo. Wanachaguliwa kwa sababu wanalijua jambo kutoka pembe tofauti. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2006, uliotumia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, ulikuta kwamba sehemu kubwa ya hoja kuu zilikwishajitokeza katika mahojiano 12 ya mwanzo. (Tangu hapo washauri wabana matumizi wameigeuza 12 kuwa kanuni, wakisahau kwamba wanawake wale walikuwa na hali zinazofanana na waliulizwa maswali yaleyale.) Umakini wa kazi hii unapimika. Orodha ya COREQ ya mwaka 2007 ina vipengele 32 vya kuripoti tafiti za mahojiano, na ipo GRADE-CERQual ya kupima ni kiasi gani tuyaamini matokeo ya tafiti za aina hii yanapojumuishwa. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa mwaka 2016, liliupa uzito ushahidi wa kile wanawake wanachokitaka.

Kwa hiyo ninaomba mambo ambayo wizara inaweza kuyaandika katika zabuni. Mahojiano yaanze mradi ungali mchanga, wakati kasoro bado inarekebishika. Wahojiwe walioacha huduma na wasiowahi kufika, maana ukiwakuta watu kwenye foleni ya kliniki umewakuta wale ambao kliniki haikuwashinda. Mganga mfawidhi asiwepo chumbani, wala asiwe ndiye anayechagua wa kuhojiwa.

Halafu pesa. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa hula saa nne au zaidi kuinakili, kabla ya tafsiri na kabla ya uchambuzi wenyewe. Bajeti inayotoa siku tano kwa mahojiano 40 inaagiza nukuu za mapambo, na nukuu za mapambo ndizo itakazoletewa.

Kuna jambo dogo ambalo huniudhi kuliko yote. Ripoti huandika chini ya nukuu "muuguzi, mwanamke", kisha jina la kituo. Kituo kina muuguzi mmoja! Amesema dawa huisha kabla ya mwezi kwisha, na kesho bosi wake anajua nani kasema. Mwaka unaofuata, ukimuuliza chochote, atakwambia mambo ni shwari. Andikeni katika mkataba kwamba majina ya vituo hayatatajwa chini ya nukuu, na kwamba rasimu haitapita kwa wasimamizi wa vituo kabla utambulisho haujaondolewa.

Zabuni inayofuata ikitoka, nitaanza kuisoma kwenye ukurasa wa bajeti.

Wasalaam,
Mchambuzi wa mahojiano