Akili unde ipewe daftari la fundi kwanza

Mhariri,

Nashona sare za shule katika soko la Kibuye, hapa Kisumu. Barua nyingi ninazosoma kuhusu akili unde (AI), yaani programu zinazojibu maswali na kuandika kama mtu, huuliza kama itatunyang'anya kazi. Swali hilo ni zito, lakini sisi wenye biashara ndogo tuna jingine linalotukabili sasa hivi: tuitumie kufanya nini? Naona tunafundishwa kulijibu vibaya, na wanaoumia ni wale wale ambao mafunzo yalikusudiwa kuwainua.

Mafunzo niliyohudhuria mjini yaliongozwa na kijana mpole, mwenye subira na kila mtu. Tulifungua programu kwenye simu, tukaandika kwamba tunataka mawazo ya kukuza biashara, tukasoma majibu. Ukumbi mzima ulipata majibu yanayokaribiana: punguza bei, toa ofa, fungua ukurasa mtandaoni, weka picha nzuri. Muuza samaki wa Dunga, kinyozi wa Kondele na mimi fundi wa sare tukarudi nyumbani na ushauri mmoja.

Kwangu ushauri huo ni hasara. Mzazi mwenye mtoto mmoja katika Gredi ya 4 hatanunua sweta tatu kwa kuwa nimeshusha bei. Idadi ya sare hufuata idadi ya watoto waliosajiliwa shuleni, basi. Kitambaa, uzi, zipu na vifungo havinishukii mimi, kwa hiyo nikipunguza bei nitakuwa nimegawa pesa za jora la mwaka ujao. Wateja ninaowajua waliohamia kwa fundi mwingine walihama kwa sababu mbili: sare haikuwa tayari siku ya kufungua shule, au ilimbana mtoto kabla ya muhula wa tatu. Mashine haikuzitaja hata moja, na ingezitajaje wakati hakuna aliyeieleza?

Watafiti wa vyuo vikuu vya Harvard na California, Berkeley, walilipima jambo hili hapa hapa Kenya. Walichukua wafanyabiashara wadogo 640, na wengine kati yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakapewa mshauri wa biashara anayetumia programu ya akili unde iitwayo GPT-4 kupitia WhatsApp. Kwa wastani hapakuonekana tofauti ya maana katika mauzo na faida zao. Walipotenganishwa, mambo yakabadilika. Waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa zaidi ya asilimia 15, na waliokuwa wakisuasua wakashuka kwa takriban asilimia 8. Matokeo hayo yamenikaa moyoni, maana wanaosuasua ndio tunaowapeleka kwenye kumbi za mafunzo. Mimi nayasoma hivi: mwenye kuijua biashara yake kwa undani hujua ushauri wa kukataa. Asiyeijua hushusha bei kama alivyoambiwa.

Sasa nieleze tunachofanya sisi kibandani, kwa sababu naamini akili unde ina faida kubwa kwa mtu wa soko, tena faida ambayo sijaisikia kwenye mafunzo.

Kila fundi wa sare ana madaftari ya vipimo. Yangu yana kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono na urefu wa sketi au kaptula, shule, gredi, na tarehe. Yalikuwa yamerundikwa chini ya meza ya kukatia, na kazi yake iliisha siku nguo ilipochukuliwa. Binti yangu alizipiga picha kurasa hizo kwa simu, tukaiambia programu izipange kuwa jedwali. Mwandiko wangu si wa mwalimu. Nane ilisomwa tatu, kifua cha inchi 38 kikawa 33. Kwa hiyo tuliipa kazi ya pili, nayo ndiyo iliyonifurahisha: ituonyeshe kila mstari unaotia shaka, kwa mfano mtoto ambaye kifua chake kimepungua kuliko mwaka uliotangulia, au kiuno kilichozidi nyonga. Hiyo mistari tukaikagua wenyewe, daftari mkononi. Baadaye tukachukua na mistari mingine hapa na pale ambayo haikuonyeshwa, tukailinganisha pia, kwani kosa lisilotia shaka ndilo baya zaidi.

Jedwali lilipokuwa safi tuliuliza mambo yetu. Watoto wale wale waliorudi Januari hadi Januari, waliongezeka inchi ngapi? Wazazi wetu hutaka sare ya miaka miwili na hawana makosa, maisha ni magumu. Lakini pindo nene kupita kiasi hufanya sketi ya marinda ikae vibaya, na mtoto huchekwa. Ilitoka wazi kwamba wasichana wa Gredi ya 5 na 6 hurefuka kwa kasi kuliko wavulana wa rika lao, na wavulana huwafikia wakiwa sekondari ya chini. Wauguzi na walimu wanalijua hilo, nami nilikuwa nikiliona kwa jicho. Jipya ni kwamba sasa najua niache pindo la inchi ngapi kwa nani, shule kwa shule. Vilevile najua saizi za kukata mapema mwezi wa Novemba, wakati mikono ina nafasi, ili Januari ibaki kazi ya kuunganisha na kutarizi nembo. Hilo ndilo lililoponya tatizo la sare kuchelewa. Bei sikuigusa.

Jedwali halisemi kila kitu. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipoingia sekondari ya juu Januari 2026, daftari langu halikuwa na chochote juu yao. Programu ilikuwa tayari kunipa makadirio, ikiyaandika kwa ujasiri kabisa, lakini ilikuwa ikibuni. Nilikwenda kwa walimu wakuu nikauliza wanatarajia wanafunzi wangapi, nikakata kidogo kidogo.

Katika ukataji wa nguo haijatufaa. Tuliieleza upana wa kitambaa, inchi 58, na vipande vya tunika, tukataka itupangie namna ya kuvilaza ili mabaki yapungue. Ikatoa mpangilio nadhifu wenye maelezo marefu. Mkataji wetu, mzee aliyeshika mkasi kabla sijazaliwa, aliutazama akasema, "Binti yangu, kitambaa hiki kina mistari, na uzi wake una mwelekeo. Ukikata hivi, upande mmoja utavutika, na mistari haitakutana ubavuni." Alikuwa sahihi, na jora halikuguswa.

Kwenye mabaki yenyewe ilitufaa, baada ya kuipa habari za kutosha. Tuliiorodheshea vipande vilivyobaki, ukubwa, rangi na aina ya kitambaa, kisha tukaitajia majirani zetu sokoni: akina mama wa omena, wauza mboga, wakaanga samaki, wanabodaboda. Katika mapendekezo yake lilikuwamo moja zuri: aproni yenye mfuko wa zipu wa pesa na mwingine wa simu, mahali ambapo mkono unafika bila kuachia mizani. Zinauzwa. Lakini ilitaka tuwashonee pia wakaanga samaki kwa kitambaa hicho hicho, na kitambaa cha sare kina poliesta nyingi. Poliesta ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Wakaanga samaki tunawashonea kwa kaki ya pamba tupu, ingawa hatuna mabaki yake na inatulazimu kuinunua. Kila ninapoeleza habari hii kwa mafundi wenzangu hukazia hapo. Wazo lilitoka kwa mashine, lakini kujua nani asimame karibu na moto akiwa amevaa nini ni jukumu letu.

Mhariri, kuna jambo la usiri ambalo pia halikutajwa mafunzoni. Vipimo hivi ni vya miili ya watoto, vikiwa na jina na shule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na hata kama sheria isingekuwapo, mimi ni mama. Kabla ya kupiga picha tulifunika safu ya majina na kumpa kila mtoto nambari. Orodha ya majina na nambari imebaki kwenye karatasi, kabatini. Wazazi tunawaeleza. Mwenye duka la dawa, mwenye shule ya chekechea, mwenye kikundi cha mikopo, wote wana madaftari nyeti kuliko langu, na wanahimizwa kupakia kila kitu.

Bado kuna suala la lugha. Ujumbe wa sauti ninaotumiwa na wazazi huanza kwa Kiswahili, ukaingia Kijaluo au Kiluhya, ukarudi. Ningependa sana mashine inipangie oda kutoka kwa sauti hizo, lakini ikifika kwenye Kijaluo inapotea. Chuo Kikuu cha Maseno, hapo kwenye barabara ya Busia, kimeshirikiana na vyuo vingine kukusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Kijaluo na lahaja za Kiluhya zikiwemo Kibukusu, Kilogooli na Kimarachi, katika mradi wa Kencorpus. Wengine wataiona ni kazi ya wasomi wa lugha. Mimi naiona ni miundombinu ya biashara sawa na barabara hiyo, na ingefaa itengewe pesa kwa mtazamo huo.

Mfano mwingine tunao kwa majirani wakulima. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, humwezesha mkulima kuelekeza simu kwenye jani la muhogo akaambiwa kama lina ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, hata pasipo intaneti. Imeweza kwa sababu kuna watu waliopiga picha maelfu ya majani shambani, na wataalamu wakaandika kila jani lina ugonjwa gani. Kazi ya daftari ilitangulia hapo pia.

Ndiyo maana nawaomba wanaopanga mafunzo wageuze mpangilio. Serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030, na bila shaka warsha zitaongezeka. Katiba yetu imeziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, ambako vijana wengi wa huku hujifunzia ushonaji, useremala na uchomeleaji. Kaunti ya Kisumu, pamoja na Siaya, Vihiga, Kakamega na Busia, zinaweza kuanza huko bila kununua mtambo wowote. Mwanafunzi wa ushonaji aandike vipimo, gharama ya kila nguo, muda alioutumia na mabaki aliyobakiza, tangu muhula wa kwanza. Seremala aandike mbao alizonunua, alizotumia na alizotupa. Mchomeleaji aandike malango yaliyorudishwa na sababu. Mwisho wa mwaka mwalimu awaketishe na simu zao na rekodi hizo, wajifunze kuihoji mashine juu ya kazi wanayoijua, na kukagua jibu lake kwa futi mkononi.

Kwa sisi tulio sokoni tayari, mkufunzi aje kibandani. Akae nasi asubuhi moja, aone daftari letu, risiti zetu na taarifa ya M-Pesa, ndipo aulize tatizo ni lipi. Asipolipata daftari, somo la kwanza liwe ni kulianzisha, na programu isubiri.

Ombi la mwisho ni la kalenda. Mafunzo niliyoyasema yaliandaliwa Januari, na mafundi wenzangu wengi wa sare waliyakosa kwa sababu wazazi walikuwa wamepanga foleni vibandani. Sisi tuna nafasi Machi na Julai. Wauza omena na wauza mbegu nao wana miezi yao, na ukiwauliza viongozi wa soko la Kibuye watakutajia yote kwa dakika chache.

Fundi wa sare,
Soko la Kibuye, Kisumu