Shoga, zikague nyayo zako kwa macho

Tanga

Shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na tangu niisome sijatulia. Unasema usiku miguu inawaka moto, hata shuka ikigusa inauma, na mchana ndala inakuvuka njiani huna habari. Na majirani wameshakwambia umekanyaga kitu, utafute mtu wa kukuagulia. Hukukanyaga kitu, shoga. Hiyo ni sukari, imeanza kula mishipa yako ya fahamu. Nimeona wengi kliniki wakija na maneno hayohayo yako, tena wengine wamekuja wamechelewa, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Mshipa wa fahamu, au neva, ni fungu la nyuzi nyembamba, na kila uzi ni mkia wa seli moja. Seli inayokuletea habari za kidole gumba cha mguu, kiwiliwili chake kimekaa huko chini ya mgongo, kando ya uti. Mkia wake unapita kwenye tako, nyuma ya paja, nyuma ya goti, mpaka ncha ya kidole. Seli moja, urefu wake karibu mita nzima! Na karibu kila kinachojenga na kukarabati mkia huo hutengenezwa kule juu kwenye kiwiliwili, kisha husafirishwa polepole kushuka chini. Sasa sukari ikikaa juu miaka, inaharibu vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha neva, na seli yenyewe inaelemewa. Panapoanza kukosa ni mwisho wa safari, yaani vidoleni. Ndiyo maana ganzi imekuanza miguu yote miwili kwa pamoja, na isipozuiwa itapanda kama soksi. Ikikaribia magoti, vidole vya mikono navyo huanza, kwa sababu nyuzi zake ndizo zinazofuata kwa urefu. Uchawi wa kukanyaga ungechagua mguu mmoja.

Nyuzi zenyewe si za aina moja. Zipo nene zilizofunikwa kwa mafuta yanayoitwa mailini, hizo hupeleka habari za kuguswa kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Zipo nyembamba zisizo na kifuniko, za joto na maumivu ya kuunguza, nazo huenda kama mita moja tu kwa sekunde. Ukijikwaa kidole si unasikia kwanza kile kishindo, halafu baada ya kitambo kidogo ndipo uchungu wenyewe unapokuja? Ni hizo mbili zimepishana mwendo. Nyembamba zikijeruhiwa hupiga kelele bila ya kuunguzwa na chochote, na huo ndio moto wako wa usiku. Zikifa, zinanyamaza. Kliniki watu hufurahi moto ukizimika, wanasema wamepona, wanaacha dawa. Mimi kimya hicho nakiogopa kuliko moto.

Mtu mzima wa afya akikanyaga mwiba, habari hufika kwenye uti wa mgongo na amri ya kuinua mguu hurudi kwenye misuli hapohapo, kabla hata ubongo haujajua kuna nini. Ganzi ikishakomaa, habari haiondoki mguuni, kwa hiyo hakuna amri. Msumari unatoboa ndala, unatoboa unyayo, na wewe unaendelea kugeuza samaki wako mpaka jioni. Isitoshe, neva zinazotoa jasho nazo huharibika, ngozi inakauka na kisigino kinapasuka. Zinazoshika misuli midogo ya unyayo zikilegea, vidole vinajikunja, na uzito wote wa mwili unaangukia mahali pamoja, panaota sugu, chini ya sugu kidonda.

Kulikuwa na daktari Mwingereza, Paul Brand, aliyekwenda Vellore, India, mwaka 1946, akatibu wagonjwa wa ukoma huko. Watu waliamini ukoma ndio unaoozesha vidole hadi vinakatika. Yeye akagundua nyama yao haikuwa na tofauti na ya watu wengine. Kilichopotea ni uchungu tu: walishika sufuria za moto, walitembea na vidonda bila kuchechemea, na usiku wengine waliliwa vidole na panya wakiwa usingizini. Baadaye aliyachukua mafunzo hayo Marekani na kuyatumia kwa miguu ya wenye sukari. Miguu ileile, shoga, ugonjwa tofauti.

Kwa hiyo macho yako sasa yafanye kazi ya neva. Unatia udhu mara tano kwa siku. Kila unapoosha miguu iangalie, juu, chini, kati ya vidole. Unyayo ukikushinda kuuona, weka kioo sakafuni au mwite mjukuu. Kausha kati ya vidole kwa kitambaa, usipaache mbichi, fangasi hupenda hapo. Mafuta paka kisigino na unyayo, kati ya vidole usipake. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Usitembee pekupeku hata ndani, na pale kwenye jiko lako la mkaa vaa viatu vilivyofunika vidole, ila vikung'ute kwanza, maana kijiwe kimoja siku nzima kinatosha kuchimba shimo. Sugu usiikate kwa wembe. Na ukiona lengelenge au kidonda, hata kama hakiumi, hasa kama hakiumi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nyuzi zilizokufa ni vigumu kurudi, lakini sukari ikishuka na kutulia, zilizobaki zina nafasi ya kudumu. Za kutuliza moto wa usiku zipo dawa, mwulize daktari wako. Mwambie pia umetumia metformini, ile dawa yako ya sukari, miaka mingi, akupime vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo huweza kuishusha, na upungufu wake nao huharibu neva. Na aliyekupa majani ya kuloweka miguu kwenye maji moto, mshukuru, lakini usiyatumie.

Kliniki yako ni lini? Waombe wakupime unyayo kwa ule uzi wa plastiki, wakuguse huku umefumba macho, nawe uwaambie ni wapi. Niandikie pale usiposikia ni vidole vipi, na kipimo cha sukari cha miezi mitatu kimesoma ngapi. Wasalimie wajukuu.

Wako,
Rehema