Goti limekaza, na sasa limeingia ganzi

Daktari, salamu. Mimi ni fundi wa vigae, umri wangu miaka 43, na miaka 17 sasa nafanya kazi nikiwa nimepiga magoti.

Asubuhi goti la kulia huwa limekaza, halikunji hadi mwisho, na nikichuchumaa nahisi kama kuna kitu kimejaa nyuma yake. Nikitembeatembea dakika kumi linalegea. Hilo nilishalizoea. Kilichonitia hofu ni ganzi. Wiki tatu zilizopita chai ya moto ilinidondokea chini kidogo ya pia ya goti, nikaona suruali imelowa ndipo nikajua nimemwagikiwa. Usiku ule mke wangu alinifumbisha macho, akawa ananigusa kwa pamba na kuchora kwa kalamu kila mahali nisiposikia. Lilitokea umbo la ukubwa wa kiganja cha mtoto, upande wa ndani wa goti, likishuka kwenye muundi. Unyayo na vidole vinasikia vizuri.

Nilikwenda kupimwa. Sukari iko sawa. Eksirei ilionyesha nafasi kati ya mifupa imepungua kidogo, nikaambiwa ni umri, nikapewa dawa za maumivu. Habari ya ganzi niliitaja mara mbili, haikuandikwa popote. Wala mgongo haukuguswa, ingawa nabeba maboksi ya vigae kila siku na kiuno huniuma.

Fundi mwenzangu anasema goti limejaa maji, yanyonywe. Naelewa maji yanaweza kulikaza goti, lakini yatie ganzi ngozi ya mbele? Hapo ndipo ninapokwama. Nimesoma kwamba kuna mshipa mdogo wa fahamu unaopita upande wa ndani wa goti, na mtu anayepiga magoti sana anaweza kuubana. Nimesoma pia kwamba mshipa ukibanwa kwenye pingili za chini za mgongo, ganzi inaweza kujitokeza sehemu hiyohiyo. Nitatofautishaje? Au nina matatizo mawili, la kukaza ni la goti lenyewe na la ganzi lina chanzo chake?

Kuna jambo moja zaidi. Nilikuwa navaa bandeji ya kubana goti kutwa nzima. Nimeivua siku nne sasa. Jana mke wangu alichora tena kwa wino mwekundu, na mpaka wa juu umeshuka kama upana wa kidole. Kukaza kuko vilevile. Sijui kama hiyo ni nafuu ya kweli au ni mimi ninayeitamani.

Nguvu za mguu ninazo, natembea kwa visigino bila shida, na haja zote napata kawaida. Nianze kwa daktari wa mifupa au wa mishipa ya fahamu? Na wiki ijayo kuna sakafu ya nyumba nzima inanisubiri. Niipokee, au nimwachie mwingine?