Barua kwa mwanangu: kaunti ipi utaishi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na mama yako ameshawatangazia ndugu wote mpaka Tanga kwamba hospitali mbili zinakugombania. Hongera sana. Moja iko huku kwetu Texas, kaunti ya Fort Bend, mshahara dola 80,000 kwa mwaka. Nyingine iko Maryland, kaunti ya Montgomery, dola 88,000. Umenitumia na ile orodha ya kaunti zinazofaa kuishi, iliyopangwa kwa gharama za nyumba, kodi na mapato, ukauliza: "Baba, niende wapi?"

Mambo hayo matatu ndiyo yenyewe, sina la kuongeza. Ninachokipinga ni namna yalivyopimwa. Orodha inapima maisha ya mtu wa katikati, katika mwaka ambao kazi ipo, afya ipo na hakuna msiba nyumbani. Wewe pima kwa mshahara wako, halafu pima tena kwa mwaka ambao mambo yamekwenda kombo. Miaka hii yote ninayowajazia watu fomu za kodi, wanaokwama ni wale waliopiga hesabu ya mwaka mzuri peke yake.

Anza na mapato, maana ndiyo yanayowapoteza wengi. Mwaka 2023 kaya iliyo katikati kabisa nchini Marekani, nusu ya kaya zikiwa juu yake na nusu chini yake, ilipata dola 80,610. Kule jirani na Montgomery, ng'ambo ya mto Potomac, iko Loudoun ya Virginia, ambako kaya ya katikati inapita dola 150,000. Ukisoma haraka unaona neema. Lakini muuguzi kama wewe kule Loudoun halipwi mara mbili kwa kuwa jirani yake ni mhandisi wa kompyuta. Jirani huyo ndiye mtakayefika naye siku moja kuiangalia nyumba ileile, naye ana uwezo wa kutaja bei ambayo wewe huiwezi. Mapato makubwa ya kaunti, kwa mtu anayehamia na mshahara wa kawaida, kwanza kabisa ni fedha za watu wengine zinazopandisha pango lake. Mwaka 2018, katika kaunti za San Francisco, San Mateo na Marin, serikali iliihesabu familia ya watu wanne yenye dola 117,400 kuwa ya kipato cha chini. Si kosa la hesabu. Ndivyo ilivyokuwa gharama ya kuishi pale.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kaunti ya Teton, Wyoming. Kwa miaka imeongoza nchi nzima kwa mapato ya kila mtu. Wyoming haina kodi ya mapato, na kodi yake ya majengo ni ndogo. Kwa vipimo viwili kati ya vitatu, hakuna pa kuishinda. Lakini wapishi, walimu na wahudumu wengi wa mji wa Jackson hawawezi kupanga hapo. Wanaishi ng'ambo ya mlima, jimbo la Idaho, katika miji kama Victor na Driggs, na kila siku wanauvuka mlima kwenda kazini. Juni 2024 kipande cha barabara ya Teton Pass kiliporomoka, na kwa karibu wiki tatu watu hao wakawa wanapita njia ndefu ya kuzunguka, kwa sababu tu kaunti inayowahitaji haina mahali pa kuwalaza. Kwa hiyo ukienda Montgomery kwenye usaili, usimwulize ofisa ajira kama kaunti ni nzuri. Nenda kwenye chumba cha kupumzikia cha wauguzi, waulize wanaishi wapi na wanaamka saa ngapi. Ukiona waliokaa kazini miaka kumi wote wanatoka kaunti nyingine, umeshapata jibu ambalo orodha haina.

Sasa kodi. Hapa nitakaa kidogo, univumilie.

Texas haikati kodi ya mapato ya jimbo. Maryland inakata mara mbili: kuna ya jimbo, ambayo kwa mshahara wako sehemu kubwa ni asilimia 4.75, na kuna ya kaunti, ambayo Montgomery imekuwa ikitoza asilimia 3.2. Tena hiyo ya kaunti inafuata mahali ulipokuwa ukiishi siku ya mwisho ya mwaka, wala haijali hospitali iko wapi. Nimepiga hesabu ya mtu mmoja asiye na mtegemezi kwenye fomu. Maryland inakupa dola 8,000 zaidi. Kodi ya serikali kuu pamoja na makato ya pensheni na bima ya wazee yanachukua karibu asilimia 30 ya hizo, unabaki na kama 5,600. Kisha Maryland na kaunti yake wanachukua karibu 6,400 kutoka kwenye mshahara mzima. Maana yake, mshahara mkubwa wa Maryland mkononi utaingia pungufu ya ule mdogo wa Texas kwa kama dola 800 kwa mwaka, na bado hujalipa pango, ambalo Montgomery ni kubwa zaidi.

Najua utasema basi baba kashaamua, Texas. Subiri.

Jimbo lisilokata mshahara lazima lipate fedha za shule na barabara mahali fulani, na Texas inazipata kwenye majengo na dukani. Nyumba moja Fort Bend hulipishwa na kaunti, na wilaya ya shule, na mara nyingi na wilaya ya maji, ile inayodai deni la mabomba na mifereji ya mtaa mpya. Nyumba ya dola 320,000 unayoishi mwenyewe, ukijumlisha hayo yote, kodi yake inaweza kufika dola 6,000 kwa mwaka. Na hapo umeshapata msamaha wa makazi kwenye kodi ya shule, yaani sehemu ya thamani ya nyumba yako isiyotozwa kodi hiyo, ambao wapiga kura waliupandisha kutoka dola 40,000 hadi 100,000 mwaka 2023, na mwaka 2025 wakaufikisha 140,000. Ukipanga, msamaha huo haupo: mwenye nyumba hapewi kwa nyumba asiyoishi, na hiyo kodi kamili ameshaitia ndani ya pango lako.

Tofauti kubwa kati ya kodi hizi mbili haipo kwenye kiasi. Kodi ya mapato inashuka mshahara ukishuka. Ukijifungua na kukaa nyumbani miezi kadhaa, ukiumia mgongo kwa kuinua wagonjwa, au bibi yako akiugua ukalazimika kwenda kumwuguza, Maryland itachukua kidogo kwa sababu umepata kidogo. Kodi ya majengo haikuulizi umepata nini. Nyumba ile ile, bili ile ile, na mwisho wa kulipa ni tarehe 31 Januari. Ikiingia Februari mosi hujalipa, Texas inaongeza asilimia 7 hapo hapo, faini na riba. Ukiwa na mkopo wa nyumba benki inakulipia, lakini inakudai wewe ndani ya malipo yako ya kila mwezi. Mimi sisemi kodi ya mapato ni bora. Nasema mtu mwenye kipato kinachoweza kukatika ajue ni ipi kati ya hizi itamfuata mpaka kitandani.

Na kama siku moja utanunua huku, mambo mawili nakuomba uyashike kabla hujatia saini. La kwanza, bili ya kodi anayokuonyesha muuzaji ni yake, si yako. Kama ameishi pale miaka mingi, thamani ya nyumba yake kwenye daftari la kodi imezuiwa kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kama amefikisha miaka 65, kodi yake ya shule imewekewa kikomo. Hayo yote yanaondoka naye. Wewe utatathminiwa upya.

La pili ni la nyumba mpya, zile zinazojengwa kila kukicha kwenye mashamba ya zamani ya Fort Bend. Kodi ya mwaka hupimwa kwa hali ya Januari mosi. Kama siku hiyo palikuwa na kiwanja na msingi wa zege tu, bili ya kwanza ni ya kiwanja na zege. Benki inaweza kuchukua bili hiyo ndogo ikapanga malipo yako ya mwezi, na wewe unafurahi. Mwaka unaofuata nyumba nzima inaingia kwenye daftari. Mteja wangu mmoja, dereva wa lori mwenye watoto wanne, aliniwekea mezani bahasha ya benki: malipo yake yalikuwa yametoka dola 2,150 hadi 2,680 kwa mwezi, kwa sababu benki ilikuwa inadai kodi kamili ya mbele pamoja na pengo la mwaka uliopita. Riba haikuwa imepanda hata senti. Alidhani ameibiwa. Nilimwonyesha mstari wa tathmini, mwaka wa kwanza na wa pili, akakaa kimya muda mrefu. Alipoinua kichwa aliniuliza kama shule ya wanawe itabadilika ikibidi wahame.

Hapo ndipo ninapotaka uone: kaunti inayofaa ni ile ambayo bahasha ya namna hiyo ikifika, unaweza kuilipa bila kuhama.

Kuhusu pango na kipimo cha asilimia 30 ya mapato ambacho kila mtu anakitaja. Kipimo hicho kilitokana na makazi ya umma ya serikali: mwaka 1969 Bunge liliweka kikomo cha asilimia 25 kwa wapangaji wa nyumba hizo, na 1981 kikapandishwa hadi 30. Hakikutungwa kwa ajili ya binti anayetuma fedha nyumbani kila mwezi. Wewe una bibi, una ada ya mdogo wako kule Tanga, una michango ya misiba ambayo huwezi kuikwepa wala sitaki uikwepe. Hakuna takwimu ya kaunti inayohesabu hayo. Kwa hiyo toa kwanza kinachokwenda nyumbani, kisha ndipo upige asilimia 30 kwenye kilichobaki. Ukifanya hivyo Montgomery inabana haraka sana, hasa ukitaka chumba chako mwenyewe karibu na treni.

Usafiri nao ni sehemu ya gharama ya nyumba, hata kama umeandikwa mstari mwingine. Kuna watafiti wanaojumlisha nyumba na usafiri pamoja, na wanataka jumla isizidi asilimia 45 ya mapato. Fort Bend huwezi kuishi bila gari: mkopo wa gari, bima, mafuta, na barabara za kulipia ukiwa na zamu ya asubuhi. Montgomery kuna vituo vya treni, na muuguzi anaweza kuishi bila gari kama hospitali iko kwenye njia. Hilo linaweza kurudisha sehemu nzuri ya fedha ambazo kodi imechukua. Ukipata nyumba karibu na kituo, hesabu yangu ya juu inageuka, na nitakuwa wa kwanza kukiri.

Na kwa kuwa umeniuliza moja kwa moja, nami nikujibu hivyo hivyo. Moyo wangu unataka uwe karibu, hilo unalijua, kwa hiyo nimejitahidi kuuweka pembeni. Kwa hesabu tupu, mpangaji asiye na familia, mwenye mshahara wako, Texas inamwachia zaidi, kwa sharti kwamba asikimbilie kununua nyumba mpya mwaka wa kwanza kwa sababu wenzake wa kanisani wamenunua. Panga. Ukae mwaka mzima, uone zamu zinakwendaje, uone ovataimu ipo kweli au ni ya kwenye tangazo tu. Kama unaona mbele ndoa na watoto karibuni, miezi ya kukaa bila mshahara itakuja, na hapo nyumba ya Fort Bend yenye kodi ya dola 6,000 isiyopungua ni mzigo ambao lazima uwe umeuwekea akiba kabla. Mimi ningetaka uwe na kodi ya mwaka mzima benki siku unayokabidhiwa funguo, na nisingeridhika na chini ya hapo.

Nitumie barua zote mbili za ajira, kurasa zote, hasa sehemu ya bima ya afya, maana sijaiona na inaweza kuzidi hizo dola 800. Andika pia kiasi unachotuma nyumbani kwa mwezi, kile cha kweli. Kama Montgomery wamekutajia mtaa wowote karibu na kituo, niandikie jina lake na pango lake. Jumapili baada ya ibada nitakuwa nyumbani, nipigie tupitie mstari kwa mstari. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama umekula.

Baba yako